Colin Chapman: alivunja mutuka nzee, akajenga sosiete yenye jina mu dunia

Wasomaji wetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na pote penye watu wanaishi na kazi ya madini, hii neno munaijua: mutuka ikikufa, haifi yote. Motere inaingia mu mutuka ingine, ponti ya nyuma inaenda kwa mwenye kutengeneza mukokoteni, mapine yanauzishwa, na kiti ya mbele inabakia ku nyumba kama kiti ya baba. Leo tunaleta maisha ya Mwingereza mumoja mwenye alianzia paka pale, ku mutuka yenye hakuna mutu alitaka kununua. Jina lake Colin Chapman. Alikufa mu 1982. Mamutuka yake yalishinda mashindano makubwa ya dunia, lakini pia yaliua watu, na hata yeye mwenyewe alikufa na deni ya maswali yenye hakujibu. Tutasema yote, mazuri na mabaya.

Mutoto wa hoteli

Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 ku Richmond, karibu na London. Baba yake alikuwa mwenye hoteli na baa moja yenye iliitwa Railway Hotel, ku Hornsey, upande wa kaskazini wa London. Mutoto alikomelea pale, kati ya walevi na wasafiri wa treni. Haikuwa jamaa ya matajiri, lakini haikulala njaa.

Nyuma ya vita aliingia ku University College ya London, kusoma kazi ya kujenga: madaraja, nyumba kubwa, ginsi chuma inabeba uzito na ginsi inavunjika. Ku ile universite kulikuwa pia kikundi ya kufundisha wanafunzi kurusha ndege, naye akaingia. Haya mambo mawili, hesabu ya chuma na akili ya ndege, njo ilifanya maisha yake yote. Mu ndege kila kilo inalipiwa. Kitu yenye haina kazi haipandi.

Lakini mwanafunzi alikuwa na kazi ingine ya pembeni. Pamoja na rafiki yake alikuwa akiuzisha mamutuka ya okazioni ku Warren Street, njia yenye ilijulikana mu London juu ya ile biashara. Nyuma ya vita mamutuka mapya yalikuwa machache, na ya zamani yalipanda bei. Kijana alipata franga.

Kisha mu 1947 serikali ya Uingereza ilikatala kutolea tena watu esansi ya kutembelea. Wakati ule esansi ilikuwa ya kupimwa kwa karatasi. Mutuka bila esansi ni sanduku ya chuma. Bei ikaanguka kwa mara moja, na Chapman akabakia na mamutuka yenye alinunua bei ya juu. Akaziuzisha kwa hasara, faida yake yote ikaisha. Moja ikabakia: Austin Seven ya zamani, yenye ilitengenezwa mbele ya vita. Hakuna mutu aliitaka.

Kwa nini Austin Seven ilifaa

Tusimame hapa kidogo, juu wengi kati yenu muko na mukono ya kazi. Mutu anayetaka kujenga mutuka yake mwenyewe anahitaji mutuka ya kutolea piesi, ile yenye itakufa ili ingine ipate kuzaliwa. Kuchagua ile ya kwanza njo nusu ya kazi.

Austin Seven ilitoka mu 1922 na ilitengenezwa mpaka 1939. Motere yake ilikuwa ndogo, santimetri kubiki 747, silinda 4. Shasi yake ilikuwa ya mikono miwili yenye kuachana kidogo kidogo kutoka mbele mpaka nyuma, kama herufi A. Ilikuwa nyepesi, na ilitengenezwa nyingi sana, karibu 290.000. Hii hesabu ya mwisho ni ya maana kupita zote. Mutuka yenye iko nyingi ku barabara, piesi zake ni za bei ya chini na kila mekanisie anaijua. Ukichagua mutuka ya ajabu yenye iko moja tu mu muji, siku kitu kidogo kinavunjika, kazi yote inalala.

Mwenye kuchagua anaangalia vitu vyenye hawezi kutengeneza ku nyumba: motere, buati ya vitesi, maponti, usukani, mafreni. Kama ile iko nzima, haiogopeshe kama milango imeoza na tole inatoboka, juu tole yote itatupwa. Kinyume, mutuka yenye inang'aa inje lakini ponti imepindika, ile ni hasara yenye rangi. Na makaratasi yawe safi, juu mutuka mupya itatembea na jina la ile ya zamani.

Kisha kudemonte. Anatoa betri kwanza, anamwanga maji na mafuta, anaanza na vitu vya inje mpaka anafika ku shasi. Kila bulo inarudi ku kopo yake na alama, juu mutu anademonte kwa siku mbili, anaremonte kwa miezi sita, na kichwa inasahau. Vyenye hana lazima navyo anaviuzisha, na ile franga inanunua tole na rangi.

Chapman aliivunja ile Austin mu garaje moja ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa muchumba wake, Hazel Williams, ku Muswell Hill. Hazel mwenyewe aliingia mu kazi, mikono mu mafuta. Waliacha shasi na motere, wakatupa mwili wa zamani. Pa nafasi yake Chapman alijenga mwili wa mbao nyembamba zenye zilifunikwa na tole ya aluminiumu, na kuta tatu za katikati za kushika mutuka isipindike. Ile ilikuwa akili ya ndege. Mwili haukukuwa tena nguo ya kufunika, ulikuwa unasaidia shasi kubeba.

Ilimalizika mu 1948, plaki OX 9292. Akaiita Lotus. Yeye na Hazel wakapeleka ile mutuka ku mashindano ya kupanda vilima vya matope, na ikashinda mara kwa mara. Ku universite alianguka kwanza mu hesabu, akarudilia mutihani, akapata diplome yake mu 1949. Kisha ile mutuka ya kwanza ikauzishwa ili franga zisaidie ile ya pili. Mpaka leo wanaopenda Lotus wanaitafuta, hakuna mwenye ameiona.

Kazi ya usiku

Chapman alipata kazi ku sosiete ya aluminiumu, British Aluminium. Muchana alikuwa muajiriwa kama wengine, magaribi mekanisie. Na ndugu wawili wa jamaa Allen, wenye walikuwa na vyombo vizuri ku nyumba, akajenga mutuka ya mashindano ya klabu ya Austin Seven. Hapa njo akili yake ilionekana wazi. Motere ya Austin ilikuwa na milango miwili tu ya kuingizia esansi kwa silinda 4, kila silinda mbili zinagawana mulango mumoja, moja inaibia ingine. Chapman aligawanya kila mulango katikati, na kila silinda ikapata njia yake. Mu 1951 wenzake hawakuweza kumufuata. Klabu ikaangalia, ikabadilisha sheria, ikakataza ile.

Hii ilikuwa tabia yake maisha yote. Alikuwa akisoma sheria si kwa kujua kile imekataza, ila kwa kujua kile imesahau kukataza.

Tarehe 1 Januari 1952 akafungua sosiete Lotus Engineering na Michael Allen. Franga za kuanzia zilikuwa pauni 25, na zilitoka ku mukono wa Hazel. Garaje ilikuwa mu nyumba ya zamani ya farasi, nyuma ya ile hoteli ya baba. Mutuka ya kwanza ya mufano ikagongana na gari ya mikate, ikavunjika kabisa. Mwingine angelia na kufunga mulango. Franga za asiranse njo zilisaidia sosiete kuendelea. Allen akatoka, Chapman akabakia.

Mutuka mu sanduku

Ile mutuka iliitwa Mark VI, na kwa mufanyakazi wa mushahara mudogo ilikuwa dirisha yenye kufunguka. Lotus haikuuzisha mutuka. Ilikuuzishia mifupa, shasi ya matiyo nyembamba ya chuma yenye iliunganishwa kwa sudire, na kilo yake karibu 25 tu. Mutu mumoja aliweza kuibeba. Ingine yote ulienda kutafuta wewe mwenyewe, na ile ya kutafuta ilikuwa Ford ya kawaida: Eight, Ten ao Prefect, mutuka za familia zenye zilijaa ku kila njia ya Uingereza.

Ulinunua Ford yenye iligongwa ao yenye kutu ilikula, unaidemonte ku yadi yako. Unachukua motere ya santimetri kubiki 1.172, buati ya vitesi tatu, ponti ya nyuma, radiatere, mafreni. Ponti ya mbele ilikuwa chuma moja nzima kutoka pine mpaka pine. Ile ilikatwa katikati, kila nusu ikafungwa ku mushipi wake ili kila pine ipande na kushuka pekee. Ford nzito ya kwenda nayo ku kanisa ikatoka mutuka ya mashindano. Lotus ilitengeneza shasi za Mark VI zaidi ya 100 mpaka 1955. Mu 1954 Chapman na Hazel walifunga ndoa, na kisha akaacha ile kazi ya aluminiumu akabakia na Lotus tu.

Mu 1957 ikatoka Lotus Seven, mutoto wa Mark VI. Haikukuwa na milango ya kweli wala kitu ya starehe, na uzito wake karibu kilo 500. Sasa musikilize hii ya kodi. Mu Uingereza mutuka yenye imemalizika ililipiwa takse kubwa. Lotus Seven nzima ilikuwa pauni 1.036. Lakini ukinunua piesi mu masanduku na kujijengea mwenyewe, haukulipa ile takse, na bei ilikuwa pauni 536, karibu nusu. Serikali iliweka kizuizi: kama mwenye kuuzisha anatoa pamoja karatasi ya kufundisha ginsi ya kujenga, basi ile ni mutuka, ulipe. Inasimuliwa mpaka leo kama Chapman alitii sheria kabisa. Hakuweka karatasi ya kujenga. Aliweka karatasi ya kudemonte, na kazi ya munuuzi ilikuwa kuisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Kwa mutu wa mushahara, pauni 500 za kupungua ni tofauti kati ya ndoto na mutuka. Wengi walijenga Seven mu garaje ya nyumba, jumamosi na yenga, bibi anashika taa, watoto wanapana lufungula. Na mutu mwenye amefunga kila bulo kwa mukono yake hana lazima ya kuuliza mekanisie ile sauti inatoka wapi.

Kupunguza, kupunguza

Sosiete ikakomaa. Ikahamia Cheshunt mu 1959, kisha mu 1966 ku Hethel, ku kiwanja ya zamani ya ndege za vita. Mu Formula 1 akaingia 1958. Stirling Moss akaleta ushindi wa kwanza wa mutuka ya Lotus ku Monaco mu 1960, na mutuka ya timu ya mutu mwingine.

Ile alifanya na Austin ya kwanza, Chapman aliifanya tena na tena kwa ukubwa. Mu 1962, na Lotus 25, akatupa shasi ya matiyo, akaacha mwili wenyewe ubebe kila kitu, kama ndege. Mu 1967, na Lotus 49, akatupa hata sehemu ya nyuma ya ule mwili: motere ya Ford Cosworth yenyewe ikakuwa mufupa, na mapine ya nyuma yakafungwa ku motere. Kila mara aliuliza kitu gani kinaweza kutoka, na kitu chenye kimebakia kifanye kazi mbili. Jim Clark alikuwa bingwa wa dunia na Lotus mu 1963 na 1965, na ile 1965 akashinda pia mashindano ya Indianapolis ku Marekani. Kisha Graham Hill mu 1968, Jochen Rindt mu 1970, Emerson Fittipaldi mu 1972, Mario Andretti mu 1978. Timu ilipata taji ya watengenezaji mara 7.

Bei ya kilo

Sasa tufike ku upande mwingine. Batu wa shimo munaijua kupita wote: nguzo yenye imepunguzwa sana inabeba leo, inabeba kesho, na siku moja haibebi. Piesi za Chapman zilikuwa nyembamba, na zilivunjika. Mu 1960 ku Spa, Ubelgiji, usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulivunjika mu kukimbia, akaumia vibaya, na kazi yake ya mashindano ikaishia pale. Mu 1968 Jim Clark, mwenye alikuwa kwa Chapman kama ndugu, akafa ku Hockenheim, Ujerumani. Sababu haikuonyeshwa kuwa kosa ya mutuka, lakini Chapman alivunjika moyo sana.

Mu 1969 ku Barcelona, mabawa marefu ya Lotus mbili yakavunjika mu mashindano moja, ya Hill na ya Rindt. Rindt akapona na majeraha. Nyuma ya pale akamwandikia Chapman barua. Akamwambia kama mamutuka yake ni ya mbio sana, hata zikiongezwa kilo chache ku piesi dhaifu zitashinda tu, na kama yeye hawezi kuendesha mutuka yenye hana imani nayo. Hakuomba franga wala heshima, aliomba chuma kidogo ya kuongeza.

Akaendelea kuendesha. Tarehe 5 Septemba 1970, ku Monza, Italia, mu mazoezi, mutuka yake ikapinda kwa nguvu mu kufunga freni, ikagonga kizuizi cha pembeni, akafa. Wachunguzi waliona kama chuma yenye kupeleka freni ya mbele ilikuwa imevunjika, na kama kile kizuizi hakikufungwa vizuri pia. Alikuwa na pointi nyingi, hakuna mutu alimufikia mpaka mwisho wa mwaka. Ni yeye peke yake mu Formula 1 mwenye alipewa taji ya dunia akiwa mu kaburi.

Si haki kusema Chapman alipenda kifo ya watu wake. Wakati ule madereva walikufa mu timu zote. Lakini si haki pia kusahau ile barua.

Deni ya mwisho

Mu 1973 Uingereza ilibadilisha kodi, na faida ya kununua mutuka mu masanduku ikaisha. Chapman akauzishia haki ya Lotus Seven sosiete ya Caterham, na yeye akafuata mamutuka ya bei ya juu kwa matajiri.

Mu 1978 Lotus ikapata kazi ya kutengenezea Mumarekani John DeLorean mutuka yake. Serikali ya Uingereza ilitoa franga nyingi kwa DeLorean juu ya kupatia watu kazi ku Ireland ya Kaskazini, penye vijana wengi hawakuwa na mushahara. Mamilioni ya zile franga yakapita ku sosiete moja yenye karatasi zake zilikuwa za Panama, na hazikufika ku kazi. DeLorean ikaanguka mu 1982, na wafanyakazi wakarudi ku nyumba mikono mitupu.

Tarehe 16 Desemba 1982, moyo wa Chapman ukasimama. Alikuwa na miaka 54. Mu 1992 mukubwa wa hesabu wa Lotus, Fred Bushell, akahukumiwa miaka 3 ya gereza juu ya zile franga. Juji wa Belfast akasema wazi kama Chapman angekuwa muzima, angepata miaka isiyopungua 10. Mutu mwenye alijua kupita kati ya maneno ya sheria, safari ile alipita mbali kuliko sheria.

Kile kilibakia

Timu ya Lotus ya ile zamani ilifunga mulango mu 1995. Lakini ile mutuka ndogo ya watu wa mushahara haikufa. Caterham iliendelea kujenga Seven. Na mu 1996 Mwingereza mumoja, Ron Champion, akatoa kitabu cha kufundisha watu kujijengea mutuka ya mufano wa Seven, na Ford Escort ya zamani kama mutuka ya kutolea piesi. Alichagua Escort kwa sababu ile ile ya Austin: ilikuwa nyingi, bei ya chini, motere mbele na nguvu inaenda ku mapine ya nyuma. Watu wa inchi nyingi wakaifuata mu yadi zao.

Wanaoijenga leo wanachukua kwa Chapman akili ya kutupa kitu chenye hakina kazi. Na wengi wao, wakifika ku mafreni na usukani, wanaweka chuma nene kidogo kupita ile yeye angeweka.